SOMO LA ROBO HII: Chama cha Wafanyakazi na Kampeni za Uchaguzi, Mpaka Uko Wapi?



Katika somo hili tunazungumza juu ya jambo ambalo wanakamati wengi hulijadili wakati wa chai, kikao kikishafungwa, lakini halionekani kwenye muhtasari. Chama cha wafanyakazi kikimwona mgombea anayekifaa, kina ruhusa ya kwenda naye hadi wapi? Kumsifu ni sawa? Kumpa jukwaa? Kumchangia fedha? Kukaa na watu wake na kupanga nani aseme nini, wapi na siku gani?

Swali hili si la Dar es Salaam na Dodoma tu. Katika wilaya zetu za Mbulu na Hanang, ukiacha kilimo na ufugaji, watu wengi wenye mshahara wa mwezi wanalipwa na serikali au na taasisi za dini. Ni walimu, wauguzi, watendaji wa kata, maafisa ugani. Hao hao ndio makatibu na watunza hazina wa kamati zetu, kwa kuwa wanajua kuandika hesabu. Tena parokia zenyewe ni waajiri: zina shule, zahanati, walinzi na madereva. Na zina kumbi, ambazo kila msimu wa uchaguzi huombwa na watu wa kila namna.

Wenzetu wafadhili walio mbali watatuvumilia kwa jambo moja la lugha. Kiswahili chetu kinatumia neno moja, chama, kwa vitu viwili. Chama cha walimu ni chama, na chama cha siasa ni chama. Kijijini ukisema fulani ni "mtu wa chama", hakuna anayefikiri unasema habari za walimu. Mchanganyiko huo haukuja kwa bahati mbaya, na historia yake tutaiona hapa chini.

FEDHA INAYOKATWA

Tuanze na fedha, kwa sababu hapo ndipo jambo linapomgusa mtu. Mwanachama wa Chama cha Walimu Tanzania (CWT) hukatwa asilimia 2 ya mshahara wake kila mwezi kabla haujamfikia mkononi. Mwalimu wa shilingi 500,000 anakatwa 10,000 kwa mwezi, yaani 120,000 kwa mwaka. Shule yenye walimu 12 wa kiwango hicho inachangia shilingi 1,440,000 kwa mwaka. Zidisha kwa shule zote za wilaya, kisha kwa nchi nzima, utaona ni fedha ya namna gani, na kwa nini mtu wa siasa angependa kuwa karibu nayo.

Na si wanachama tu wanaokatwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, inakiruhusu chama chenye wanachama walio wengi mahali pa kazi kukubaliana na mwajiri kwamba hata asiye mwanachama akatwe ada ya uwakala, kwa sababu naye ananufaika na mazungumzo ya mishahara. Walimu wengi wamelalamikia makato hayo kwa miaka mingi. Lakini wachache wanajua kwamba kifungu hicho hicho, cha 72, kimeweka uzio: fedha hiyo iwekwe katika akaunti yake, itumike kwa maslahi ya kijamii na kiuchumi ya wafanyakazi wa mahali hapo, na chama kisilipe chochote kwa chama cha siasa kutoka katika akaunti hiyo. Maana ya uzio huo ni rahisi. Mtu amelazimishwa kuchangia mazungumzo ya mshahara, basi asilazimishwe pia kuchangia kampeni ya mtu ambaye pengine hatampigia kura.

Ada za wanachama wenyewe zinaongozwa na katiba ya chama. Sheria inataka hesabu za chama zikaguliwe kila mwaka, ripoti iletwe mbele ya mkutano wa wanachama na ipelekwe kwa Msajili. Kwa upande wa pili ipo Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010, inayomtaka mgombea na chama chake cha siasa waeleze fedha za kampeni zimetoka wapi. Na tangu Sheria ya Vyama vya Siasa ya 1992, chama cha siasa hakiruhusiwi kufungua tawi mahali pa kazi wala shuleni.

Kwa karatasi, basi, tumelindwa vizuri. Tatizo ni kwamba ushirikiano mwingi kati ya vyama vya wafanyakazi na kampeni hauonekani katika akaunti yoyote. Unakuja kwa njia ya heshima, mialiko na vyeo.

TULIKOTOKA

Mwaka 1953 serikali ya kikoloni iliwakataza watumishi wake Waafrika kujiunga na siasa. TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, karani wa serikali mwenye elimu na sauti hakuweza kuwa kiongozi wake bila kuacha kazi. Mwaka uliofuata, Oktoba 1955, vyama vya wafanyakazi viliungana katika shirikisho la TFL, na katibu mkuu wake wa kwanza akawa Rashidi Kawawa, aliyekuwa ameongoza chama cha watumishi Waafrika wa serikali. Tom Mboya wa Kenya alisaidia kwa ushauri. TFL ilikuwa na uongozi wake na wanachama wake mbali na TANU, lakini mambo mengi waliyafanya kwa pamoja. Wafanyakazi wa kiwanda cha bia walipogoma Dar es Salaam mwaka 1958, TANU iliwaunga mkono kwa kuwataka watu wasusie bia.

Je, huo ulikuwa ushirikiano usiofaa? Mwandishi wa somo hili haoni hivyo. Mfanyakazi hakuwa na kura, na aliyemnyima mshahara wa haki ndiye aliyemnyima pia nchi yake. Kugomea bia na kudai uhuru vilikuwa jambo moja, na wanachama walilijua na walilitaka.

Lakini tazama kilichofuata baada ya ushindi, maana hapo ndipo penye fundisho. Viongozi wa TFL waligawanyika. Wengine walitaka shirikisho liwe sehemu ya TANU na serikali yake. Wengine, kama Kasanga Tumbo wa wafanyakazi wa reli na Victor Mkello wa wafanyakazi wa mashamba makubwa, walitaka chama cha wafanyakazi kiendelee kuwa huru hata chini ya serikali ya wananchi. Mwaka 1962 zilipitishwa sheria zilizofanya mgomo halali kuwa mgumu sana kuupata. Waziri Mkuu wakati huo alikuwa Kawawa, yule yule wa TFL, na Waziri wa Kazi alikuwa Michael Kamaliza, aliyetoka uongozini mwa TFL naye. Tumbo alipelekwa London kuwa balozi. Mkello alipelekwa Sumbawanga mwanzoni mwa 1963, si kwa ubalozi bali kwa amri ya kumweka mbali. Baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964 viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi walikamatwa. Mwezi uliofuata TFL ikavunjwa kwa sheria na mahali pake ikawekwa NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote. Katibu Mkuu wake aliteuliwa na Rais, naye alikuwa Kamaliza, Waziri wa Kazi. Sheria iliyoiunda NUTA iliitaka iendeleze siasa ya TANU na iwahimize wanachama wake wajiunge na TANU.

Kwa hiyo mtu aliyetakiwa kumbana serikali kuhusu mshahara ndiye aliyekuwa ndani ya serikali akiukataa. Baada ya CCM kuzaliwa mwaka 1977, NUTA ikageuka JUWATA, na JUWATA ikawa moja ya jumuiya za CCM pamoja na zile za vijana, wanawake na wazazi. Hapo hakukuwa tena na swali la kupanga pamoja na kampeni, maana mkono haupangi na mwili wake.

Wazee wa Hanang wanaweza kulisimulia hili bila kitabu. Katika mashamba ya ngano ya NAFCO kule Basotu na maeneo jirani, yaliyoanzishwa kwa msaada wa Kanada na kuchukua ekari 100,000 hivi za malisho ya Wabarabaig, mwajiri alikuwa shirika la umma. Serikali ilikuwa ya chama kimoja. Chama cha wafanyakazi kilikuwa jumuiya ya chama hicho hicho. Dereva wa trekta mwenye malalamiko dhidi ya meneja alikuwa na mlango mmoja tu, akibisha upande wowote. Mfugaji aliyepoteza malisho hakuwa hata na mlango huo, ilimbidi aende mahakamani.

Mageuzi yalikuja mwaka 1991 kwa OTTU, chombo kilichotenganishwa na CCM nchi ilipokuwa inaelekea vyama vingi. CWT iliandikishwa 1993. Sheria mpya ya vyama vya wafanyakazi ya 1998 ilianza kutumika mwaka 2000, na likafuata shirikisho la sasa, TUCTA. Kisheria kamba ilikatwa. Mazoea hayakatwi kwa sheria, na hata leo baadhi ya viongozi wa matawi huona kumpongeza aliye madarakani ni sehemu ya kazi yao.

MWAKA 2010: PALE MAMBO YALIPOPINDUKA

Wasomaji wa Mbulu watakumbuka mwaka huo vizuri. TUCTA ilidai kima cha chini cha mshahara cha shilingi 315,000 kwa mwezi, wakati serikali ikilipa 104,000. Ukatangazwa mgomo wa nchi nzima wa tarehe 5 Mei. Tarehe 3 Mei Rais Jakaya Kikwete alizungumza na wazee wa Dar es Salaam, akawalaumu vikali viongozi wa TUCTA, akaonya kuhusu mgomo, na akaeleza kwamba kama wafanyakazi watamnyima kura kwa ajili ya jambo hilo, yuko tayari kuzikosa. Mgomo haukufanyika. Uchaguzi ulikuwa Oktoba mwaka huo huo.

Kuanzia hapo kila neno la TUCTA kuhusu mshahara lilisikika kama neno la kampeni, hata pale ambapo halikuwa. Mpinzani mkuu wa Rais alikuwa Dk. Willibrod Slaa wa CHADEMA, mzaliwa wa Karatu, eneo lililokuwa zamani ndani ya Wilaya ya Mbulu, na aliyewahi kuwa padri. Huku kwetu watu walimwona kama mtoto wa nyumbani. Alipata asilimia 27 hivi ya kura za nchi nzima, na Kikwete asilimia 62 hivi. Jimbo la Mbulu lilichukuliwa na Mustapha Akunaay wa CHADEMA.

Je, TUCTA ilifanya kosa mwaka 2010? Tutofautishe. Kudai 315,000 miezi michache kabla ya uchaguzi si kosa. Ni wakati ambapo mwenye kuomba kazi ya uongozi yuko tayari kusikiliza, na mkulima wa vitunguu naye hupanga kuuza wakati mnunuzi ana haja. Kuwaambia wanachama "mpigieni kura anayejali maslahi yenu" si kosa pia. Kosa lingekuwa kama viongozi wangekaa faragha na watu wa mgombea fulani na kupanga tarehe ya mgomo ili imfae, bila wanachama kujua. Kutajwa na wapinzani wa serikali kwa sifa si ushahidi wa kupanga nao. Serikali ikikasirika na dai, ni rahisi mno kusema "mmetumwa", na neno hilo limewanyamazisha viongozi wengi wa matawi waliokuwa na hoja za kweli kuhusu madeni ya walimu na posho za uhamisho.

MEI MOSI YA SINGIDA

Sasa tugeuze upande wa pili, ambao kwa maoni ya mwandishi una hatari zaidi kwa sababu hauna kelele.

Tarehe 1 Mei 2025 sherehe za kitaifa za wafanyakazi zilifanyika Singida, mji ambao mtu wa Katesh anaufikia kwa basi bila shida. Mgeni rasmi alikuwa Rais Samia Suluhu Hassan. Alitangaza kwamba kima cha chini kwa watumishi wa umma kitapanda kwa asilimia 35.1, kutoka 370,000 hadi 500,000, kuanzia Julai. Uwanja ulishangilia, na kwa haki. Kaulimbiu ya sherehe yenyewe ilitaja uchaguzi wa mwaka huo na haja ya kupata viongozi wanaojali wafanyakazi. Tangu Januari, Rais alikuwa ameshapitishwa na mkutano mkuu wa CCM kuwa mgombea wake wa urais. Uchaguzi ulifanyika tarehe 29 Oktoba 2025, CHADEMA ikiwa imezuiwa kushiriki.

Hatusemi kulikuwa na makubaliano ya siri. Hayakuhitajika. Rais kuwa mgeni rasmi wa Mei Mosi ni desturi ya miaka mingi, na mshahara ukipanda ni mshahara umepanda. Lakini mwanakamati ajiulize: mgombea mmoja amepata uwanja uliojaa wafanyakazi, sare zilizolipiwa kwa fedha zao au za waajiri wao, na matangazo ya moja kwa moja, miezi sita kabla ya kura. Kama mgombea mwingine angepewa jukwaa hilo, ingeitwaje? Watu wengi wangesema vyama vya wafanyakazi vimeingia kwenye kampeni. Kwa aliye madarakani tunaiita itifaki.

Yapo pia mambo ya vyeo. Mama Margaret Sitta alikuwa Rais wa CWT, na baada ya uchaguzi wa 2005 akawa Waziri wa Elimu. Katika utaratibu wa CCM wa viti maalum vya ubunge, kundi la wafanyakazi lina nafasi yake. Hakuna sheria inayovunjwa hapo, na si vibaya mwalimu akafika bungeni, tunawahitaji. Ila kiongozi wa wafanyakazi anayejua kwamba hatua yake inayofuata iko mikononi mwa chama fulani cha siasa, atazungumza na serikali ya chama hicho kwa sauti gani? Historia ya 1962 imeshatupa jibu moja.

MAJIRANI ZETU

Kenya wamejaribu njia ya wazi. Mwaka 2022 Francis Atwoli, katibu mkuu wa COTU, alimpigia kampeni Raila Odinga hadharani, bila kificho, akatabiri William Ruto hatashinda. Ruto alishinda. Siku chache baadaye COTU ikabidi ijifunze kuzungumza na Rais ambaye mkuu wake alikuwa amemkataa mbele ya kila kamera. Ilifanikiwa, lakini sharti la kwanza lilikuwa kurudi kwa upole.

Kisa cha walimu wa Kenya ni kizito zaidi. Wilson Sossion alikuwa katibu mkuu wa KNUT, na baada ya uchaguzi wa 2017 akateuliwa mbunge na chama cha ODM huku akishikilia kiti chake cha walimu. KNUT ilikuwa tayari na ugomvi na tume inayoajiri walimu kuhusu mishahara na mtaala, na ubunge huo uliipa tume hoja nyingine dhidi yake. Mwaka 2019 KNUT ilikuwa na wanachama 187,000 hivi. Kufikia 2021, Sossion alipojiuzulu, walikuwa wamebaki chini ya 20,000. Si haki kusema siasa peke yake iliwaondoa, kwani namna tume ilivyoshughulikia nyongeza za mishahara na makato ndiyo iliyowasukuma wengi. Lakini chama kilichohitaji kila rafiki kilikuwa na kiongozi ambaye nusu ya nchi ilimwona kama mbunge wa upande mwingine.

Uganda wametenga viti 5 vya wawakilishi wa wafanyakazi bungeni. Zambia walikwenda hadi mwisho: Frederick Chiluba, mwenyekiti wa shirikisho la wafanyakazi, alikuwa Rais mwaka 1991, na wafanyakazi waliomwinua walishuhudia migodi na mashirika yakibinafsishwa mikononi mwake.

KUPANGA PAMOJA NI NINI HASA?

Wamarekani wamelichambua neno hili kuliko wengi, kwa sababu fedha za kampeni zao ni nyingi. Tangu sheria ya 1947 chama cha wafanyakazi hakiruhusiwi kumpa mgombea wa ngazi ya taifa fedha kutoka hazina yake kuu. Kinaweza kuunda kamati tofauti, inayochangiwa na wanachama kwa hiari. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliruhusu vyama kutumia fedha za hazina bila kikomo kumsifu au kumpinga mgombea, mradi matumizi hayo hayapangwi pamoja naye. Hivyo kosa si kumpenda mgombea bali kukaa naye mezani: kumuuliza tangazo litoke lini, kutumia orodha yake ya wapiga kura, kumkopesha watumishi. Wengi huko wanasema mpaka huo umekuwa kama uzio wa miiba uliolala chini, kila mtu anauruka. Na wanaolalamika zaidi kuhusu vyama vya wafanyakazi hunyamaza kuhusu matajiri wanaofanya vivyo hivyo kwa fedha nyingi zaidi.

Uingereza walichukua njia nyingine mwaka 1913. Chama cha wafanyakazi kinachotaka kutumia fedha kwa siasa lazima kiwe na mfuko wa siasa peke yake, wanachama waupigie kura, na mwanachama asiyetaka aruhusiwe kutouchangia bila kupoteza haki zake nyingine. Mwandishi anaona njia hii ndiyo inayotufaa zaidi. Haimnyamazishi mtu, wala haimlazimishi kuchangia asichokiamini.

UKUMBI WA PAROKIA

Tuchukue mfano wa kubuni ambao unaweza kutokea kwa yeyote kati yetu. Ni Septemba ya mwaka wa uchaguzi. Katibu wa tawi la chama cha walimu katika kata anaandika barua kuomba ukumbi wa parokia kwa "semina ya kujenga uwezo". Kamati inakubali, hata inapunguza kodi. Siku ya semina anafika mgombea udiwani, akifuatana na mgombea ubunge, wamekuja "kuwasalimia walimu". Chakula kimelipiwa, haijulikani na nani. Fulana zinagawiwa. Mwalimu mmoja wa chama kingine cha siasa anabaki amekaa, kwa kuwa mwalimu mkuu wake yuko mstari wa mbele na ameshamwona.

Wiki nne baadaye darasa la shule ya msingi linageuka kituo cha kupigia kura. Msimamizi wa kituo ni mmoja wa walimu wale wa semina. Pengine ni mwaminifu kabisa. Lakini mama wa Kibarabaig aliyetembea tangu alfajiri kuja kupiga kura, aliyesikia walimu wote walikula chakula cha mgombea fulani, atamwamini kwa sababu gani? Huyu mama hakatwi ada na chama chochote, hata hivyo naye amepoteza kitu. Katika mabishano mengi kuhusu vyama vya wafanyakazi na siasa yeye hatajwi.

Kamati ilikosea wapi? Si kukodisha ukumbi. Ilipaswa kuuliza mambo matatu kabla ya kutia sahihi. Nani aliamua, mkutano wa wanachama au katibu peke yake? Nani analipa, na risiti itaandikwa jina la nani? Na wagombea wengine wa kata wakiomba ukumbi huo kwa kodi hiyo, watapewa? Kama tawi lingekuwa limeita wagombea wote waulizwe maswali kuhusu nyumba za walimu na madeni yao, mbele ya wanachama wote, hiyo ingekuwa siasa safi, na parokia ingeweza hata kutoa ukumbi bure.

NA SISI WENYEWE?

Haifai kuwapima walimu kwa kipimo tusichojipima nacho. Mwaka 2009 Kanisa Katoliki lilipotoa waraka wa kuwasaidia waumini kuainisha vipaumbele vya taifa kabla ya uchaguzi, wapo viongozi wa CCM waliosema Kanisa limeanza kampeni. Waislamu nao walitoa mwongozo wao, ukasemwa hivyo hivyo. Waraka ule ulizungumza habari za umaskini na rushwa, haukutaja jina la mgombea. Hata hivyo tunajua sote kwamba zipo mimbari ambazo jina lilitajwa, na harambee ambazo mgombea alisimamishwa mbele, akatoa mabati, akapewa kipaza sauti.

Kama waajiri tuna jambo jingine. Kifungu cha 7 cha sheria ile ya 2004 kinakataza mwajiri kumbagua mfanyakazi kwa maoni yake ya kisiasa. Muuguzi wa zahanati ya parokia ana haki ya kuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi, na ya kuunga mkono chama cha siasa tusichokipenda, nje ya saa za kazi na bila kuvaa rangi zake wodini. Zipo kamati zinazowaona wafanyakazi wenye tawi kama wachochezi. Kamati ya namna hiyo haina msingi wa kulalamika kwamba chama cha wafanyakazi kimekwenda kutafuta kinga kwa wanasiasa, maana imekifungia mlango wa kwanza.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KAMATI

Ni vema maswali haya yajadiliwe kukiwa na angalau mwanakamati mmoja anayekatwa ada ya chama cha wafanyakazi, na mmoja asiyekatwa.

1. Wanachama wa vyama vya wafanyakazi katika kamati yetu wameiona lini mara ya mwisho ripoti ya ukaguzi wa hesabu za chama chao? Waliuliza?

2. Mgombea akichangia shilingi 500,000 kwa ujenzi wa kigango mwezi wa kampeni, na chama cha wafanyakazi kikampa mgombea huyo shilingi 500,000, tofauti iko wapi?

3. Daftari letu la kukodisha ukumbi la mwaka 2025 linaonyesha nani alikodi kati ya Agosti na Oktoba, na kila mmoja alilipa kiasi gani?

4. Mwalimu ambaye ni katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi anaomba pia kuwa katibu wa parokia. Tumkubalie vyote viwili? Na kama anagombea udiwani?

Kamati zitakazojadili somo hili zinaombwa kuleta muhtasari wao ofisini kabla ya toleo lijalo. Majibu ya swali la 3 yaletwe pamoja na nakala ya daftari.